Saa zako zinaanza kuhesabiwa kwenye foleni ya kupakia

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa semi, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Nabeba saruji kutoka Dar, na nikirudi napakia chumvi Uvinza au mawese. Tajiri anataka tripu nne kwa mwezi, na mzigo ukitoka Dar anataka ufike Kigoma ndani ya siku mbili. Juzi nilisinzia karibu na Nguruka, Mungu akaniamsha. Nilipomweleza tajiri, akasema zile saa tisa za sheria ni za watu wa ofisini, dereva analipwa kwa tripu. Je, ni kweli? Sheria inaniruhusu kuendesha saa ngapi? Nikikataa kuendesha usiku akanifukuza, nina haki gani? Na je, nikichoka nikimwachia tandiboi ashike kidogo, kuna ubaya?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa ya Nguruka. Nimeusoma huo mstari nikakumbuka yangu, nami nitakusimulia mbele kidogo. Kwanza jibu la moja kwa moja: tajiri wako amekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haikutenganisha mshika kalamu na mshika usukani. Waliowekwa nje ya sheria hiyo ni askari wa jeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, na katika vifungu vya saa za kazi wameachwa mameneja. Dereva hayumo katika hao. Awe analipwa kwa mwezi, kwa siku au kwa tripu, saa zake zinalindwa.

Na zinalindwa hivi. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Ukizidisha, hiyo ni kazi ya ziada: ifanyike kwa makubaliano, ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wako wa msingi, na isizidi saa 50 katika wiki nne. Hata ukijumlisha ya kawaida na ya ziada, siku moja haitakiwi kuvuka saa 12 za kazi. Ukifanya kazi saa 5 mfululizo, unastahili mapumziko ya saa nzima. Ukimaliza kazi ya siku, zipite saa 12 kabla hujaanza tena, na kila wiki uwe na saa 24 za kupumzika. Mapumziko ya kila siku yanaweza kushuka hadi saa 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi na kwa masharti yaliyotajwa. Simu ya saa tano usiku kutoka kwa tajiri si makubaliano ya maandishi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Kuna neno moja la kifungu cha 19 ambalo madereva wengi hawajawahi kusomewa. Sheria inamkataza mwajiri asimtake wala asimruhusu mfanyakazi kuvuka saa 12. Asimruhusu. Maana yake, hata wewe mwenyewe ukisema "bosi, niache nitoboe mpaka asubuhi", jukumu la kukuzuia ni lake. Hawezi kusimama mbele ya mtu yeyote akajitetea kwamba dereva alijitakia.

Sasa tufike mahali ambapo madereva wengi hujidanganya, nami nilijidanganya kwa miaka. Ukimuuliza dereva amefanya kazi saa ngapi, anaanza kuhesabu tangu gari lilipotoka getini. Sheria inahesabu kazi, na usukani ni sehemu tu ya kazi. Kusogeza gari kwenye foleni ya kiwanda, kusimamia upakiaji, kufunga maturubai, kukagua matairi na hewa ya breki, kupanga foleni ya mizani, kushusha: yote hayo ni kazi, kwa sababu uko chini ya amri ya mwajiri na huwezi kwenda kulala. Wabishi watakwambia kusubiri si kazi. Kama umeegesha, funguo uko nazo mfukoni, umejilaza na hakuna atakayekugongea mlango, nitawasikiliza. Lakini foleni inayosogea gari moja kila dakika 20 si mapumziko hata kidogo. Hapo kwa mtazamo wangu hakuna mjadala.

Chukua siku yako moja ya kawaida tuihesabu. Umeitwa kiwandani saa kumi na moja alfajiri. Umepakiwa, umefunga maturubai, umepewa karatasi, unatoka saa nane mchana. Saa 9 za kawaida zimeisha na gari halijaenda kilomita moja. Unaingia barabarani, foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza, na saa kumi na moja jioni uko Chalinze. Hapo zimetimia saa 12. Kwa sheria, siku yako ya kazi imekwisha Chalinze. Lakini tajiri anataka siku mbili, kwa hiyo unaendelea. Saa nne usiku uko maeneo ya Gairo, na una saa 17 tangu uanze kazi, achilia mbali muda uliotangulia kuamka.

Namba hiyo ya 17 sikuichagua ovyo. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima watu waliokeshwa macho na watu walionyweshwa pombe, kwa majaribio yaleyale ya mkono na jicho. Aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya zinakataza dereva kukifikia. Aliyefikisha saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Wewe hukugusa chupa, trafiki akikupulizisha utatoka safi, lakini ubongo wako pale Gairo unaendesha kama wa mlevi. Na mlevi angalau ananuka, mtu wa kumshusha kwenye gari anaweza kutokea. Aliyechoka hakuna anayemtambua, hata mwenyewe hajitambui.

Ngoja nikusimulie yangu. Kabla sijaanza kufundisha nilianza kama tandiboi, nikawa dereva, na nilikuwa nakuja Kigoma enzi ambazo kutoka Uvinza unakula vumbi tu. Tajiri niliyemfanyia kazi wakati huo alikuwa kama wako. Usiku mmoja, nikiwa na mzigo wa mabati, nilikuwa nakaza macho kwenye taa zangu mwenyewe, na naapa kwamba macho yangu yalikuwa wazi. Kilichoniamsha ni majani. Tawi la mninga lilipiga kioo cha pembeni cha kushoto, majani yakaingia kwa dirisha la tandiboi, yakamwagika mapajani mwake naye bado amelala. Ndipo nikasikia kwamba mlio wa matairi ulikuwa umebadilika zamani: yalikuwa kwenye majani, si kwenye barabara. Nilirudisha gari polepole, nikasimama, nikashuka, miguu ikakataa kunibeba. Asubuhi nilirudi kwa miguu kutazama alama. Nilihesabu hatua 70 tangu tairi la kushoto lilipoacha barabara, na hatua 4 mbele ya pale nilipogeuza palikuwa na mtaro mkubwa wa maji.

Hicho kinaitwa usingizi wa kuibia. Unakupata sekunde tatu au nne macho yakiwa wazi, ubongo umezima. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu kisheria kwa magari yetu ya mizigo, linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, urefu wa kiwanja cha mpira, na tani zote hizo nyuma yako bila dereva. Mwili unashambuliwa zaidi na usingizi huo kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, halafu tena mchana kati ya saa nane na saa kumi. Hivyo ndivyo mwili ulivyoumbwa, hauna mazoea. Dereva wa miaka 30 na wa mwaka mmoja wote wanakamatwa saa hizohizo.

Dalili yenyewe nakupa moja, inatosha. Ukijiuliza "daraja la Malagarasi nimelivuka saa ngapi?" na hukumbuki, usiendelee kutafuta kumbukumbu. Tafuta pa kupaki. Kufungua dirisha, kuongeza redio, kujipaka maji, kupiga simu nyumbani, vyote vinakupa dakika chache za kujiona uko macho. Kinachosaidia kwa muda mfupi ni kahawa, halafu ukalala papo hapo dakika 15 hadi 20 kabla haijaanza kufanya kazi. Ukiamka, zunguka gari lako lote, gonga matairi, kagua taa, uchangamke kabisa ndipo uondoke. Na hiyo ni ya kukufikisha mahali salama pa kulala, si ya kukutoboza mpaka Kigoma. Mirungi na vidonge sitavijadili kwa urefu: mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria yetu, na vyote viwili vinakopa usingizi ambao utalipwa kwa mkupuo, mara nyingi kwenye kona.

Turudi kwa tajiri, maana naamini wengine hawakatai kwa ubaya, ila hawajawahi kukaa chini wakapiga hesabu. Mpigie hii. Dar mpaka Kigoma kwa kupitia Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora ni takriban kilomita 1,250. Semi iliyojaa, ukichanganya mizani, matuta na miji ya kilomita 50, ikipata wastani wa kilomita 50 kwa saa imejitahidi sana. Kwa hiyo ni saa 25 za usukani kuja, saa 25 kurudi. Tripu nne ni saa 200. Sheria inakupa saa 45 mara wiki nne, yaani 180, na saa 50 za ziada: jumla 230, basi. Zimebaki saa 30 kwa kupakia mara nane na kushusha mara nane. Hiyo ni chini ya saa 4 kwa kila mzigo, kupakia na kushusha pamoja, na Dar peke yake, kama tulivyohesabu juu, unakaa kuanzia alfajiri mpaka mchana. Haiwezekani. Mtu anayefanya tripu nne peke yake anazifanya kwa saa alizoiba kitandani. Tripu tatu zinabakiza saa 80 za kupakia na kushusha, na hapo kazi inapumua.

Na safari yenyewe haiwezi kuwa ya siku mbili kwa dereva mmoja. Siku ya kupakia unalala Chalinze. Ya pili unalala Manyoni. Ya tatu unapita Tabora unalala Urambo, na ya nne unaingia Kigoma mchana, umeoga, wanao hawajalala. Kama biashara yake kweli inadai siku mbili, aweke madereva wawili. Mabasi ya abiria yanayosafiri zaidi ya saa 8 yanatakiwa kuwa na madereva wawili, na sababu iliyofanya abiria walindwe hivyo ipo vilevile kwa mwendesha baiskeli wa Kaliua unayempita usiku na semi yako. Ingawa nikuonye: kulala kwenye kitanda cha kichwa gari likitembea si sawa na kulala gari limesimama. Usingizi wake ni wa juujuu. Unasaidia, haumalizi deni.

Wenzetu wameliweka suala hili kwa namba za usukani wenyewe, na mimi natamani na sisi tufike huko. Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1979, unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 bila kupumzika, asivuke saa 9 za usukani kwa siku na 48 kwa wiki. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya 2006, umeweka mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu, na kifaa ndani ya gari kinachorekodi kila dakika. Marekani wanaruhusu saa 11 za usukani baada ya saa 10 za kupumzika. Angalia: wamepishana, lakini hakuna hata mmoja aliyefika kwenye usiku na mchana wako. Ukitaka kipimo cha kujiwekea mwenyewe barabarani, chukua zile saa 4 za mkataba. Kutoka Manyoni, saa 4 zinakuacha kama kilomita 60 kabla ya Tabora.

Sasa la kufukuzwa, ambalo najua ndilo linalokunyima raha. Mwajiri anapoachisha mtu kazi lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kazi ya kuthibitisha ni yake. Kukataa kuvunja sheria si utovu wa nidhamu. Ukiachishwa, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Kwa madai mengine, kama saa za ziada ambazo hukulipwa, ni siku 60. Watu wengi wamepoteza haki zao kwa sababu walienda kijijini "kupoza kichwa" wakarudi siku ya 40. Jambo moja la kuwa mkweli nalo: kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, ulinzi huu wa kuachishwa isivyo halali haukuhusu.

"Sina mkataba wa maandishi," utaniambia. Hukuandika, lakini nakisia, maana ndivyo ilivyo kwa wengi, na Aprili 2015 madereva waliposimamisha mabasi na malori nchi nzima, mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na kutokuwa nayo hakukufanyi kuwa kibarua asiye na mwenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakuchukulia kuwa mwajiriwa kama yeye ndiye anayepanga kazi yako na saa zako, au kama gari na vifaa ni vyake. Gari ni lake, safari anapanga yeye. Imetosha.

Lakini haki bila ushahidi inachosha. Nunua daftari dogo, liwe ndani ya gari. Kila siku andika saa uliyoitwa, saa uliyoanza kupakia, saa uliyotoka, ulipolala, saa uliyoamka. Piga picha karatasi za mizani na risiti za mafuta, kwa sababu zina tarehe na saa ambazo hakuna atakayedai umezitunga. Na kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho tajiri anakitumia kuona kama umesimama porini ukanyonya mafuta, kinarekodi pia kwamba gari halikusimama tangu Morogoro mpaka Itigi. Ni shahidi wako kama lilivyo daftari. Hakikisha vilevile amekusajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kuchangia ni wajibu wake, hakukatwi kwenye mshahara wako.

Na ujue jambo hili, nalisema kwa uchungu kwa sababu nimekaa na wenzetu mahabusu. Ukimuua mtu kwa kusinzia, kesi ya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari inaandikwa jina lako. Aliyekupigia simu ukaze mwendo hatasimama kizimbani badala yako.

Kuhusu tandiboi: usimpe. Hana leseni ya gari hilo, kwa hiyo wewe na yeye mnavunja Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 mkiwa pamoja, bima inapata sababu ya kukataa kulipa, na zaidi ya yote yeye naye amekesha kama wewe, alikuwa juu ya mzigo anafunga kamba wakati wewe unasubiri karatasi. Kama ni kijana mwenye nia, mwambie tajiri amsomeshe apate leseni ya daraja linalohusika. Tripu za madereva wawili zitapatikana hapohapo.

Namna ya kukataa ina uzito. Usigombane kwenye simu. Paki sehemu yenye mwanga na mlinzi, sheli au kwenye maegesho ya malori, kisha tuma ujumbe wa maandishi, mfupi, wenye heshima. Andika kama hivi: "Tajiri, habari za jioni. Nilianza kazi saa kumi na moja alfajiri kiwandani, nimetoka saa nane, sasa nimefika Chalinze na saa zangu 12 zimeisha. Nalala hapa. Gari liko sheli, mzigo umefunikwa, tandiboi yuko nami. Kesho naondoka saa kumi na moja alfajiri, nalala Manyoni." Akijibu kwa matusi, usijibu. Usifute. Zima data, vuta pazia, lala.